Msaada wakuu: IST inagonga kok kok kok nikisimama kwenye mataa, fundi kasema injini imenoki

MKAZI WA ILAZO
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijatoa hela kesho.

Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,497, gia oto, niko nayo mwaka wa nne na haijawahi kunilaza njiani. Niko Dodoma, asubuhi Ilazo kwenda Mtumba kazini, jioni narudi, mara mojamoja Kondoa kwa wazee, basi. Wiki tatu zilizopita natoka Kondoa, nimefika mjini nimesimama kwenye mataa nikasikia kok kok kok inatoka mbele, kama mtu anagonga sufuria kwa mwiko alafu sufuria yenyewe imefunikwa blanketi. Nikazima redio, nikazima AC, ipo. Taa zikaruhusu nikaondoka ikapotea, kwaiyo nikajipa moyo. Kesho yake asubuhi ipo tena, na tangu hapo kila nikisimama ipo.

Nikapeleka gereji moja hapa mjini, fundi akafungua boneti akasikiliza kama dakika mbili akasema hii imenoki, beringi ya konrodi (ule mkono wa pistoni) imekwisha, tafuta injini ya mtumba. Hesabu aliyonipa ni milioni moja na laki sita injini, laki mbili na nusu ufundi. Nikasema ngoja. Nikaenda kwa mwingine, yeye akasema ni tapeti (vile vya kusukuma valvu), akamwaga oili akaweka 20W-50 eti nzito itameza mlio, na mkanda mpya juu. Mlio uko vilevile, na sasahivi nikiwasha asubuhi kuna krrrr ya sekunde mbili ambayo zamani haikuwepo.

Hiyo hela kwangu ni ada ya watoto wawili. Kama injini kweli imekufa ntanunua, sina namna, ila kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyenionyesha kitu kwa macho, wote wamesikiliza tu wakataja bei. Klipu ya sauti nimeweka hapo chini.

DEREVA WA KONDOA
Pole sana ndugu yangu. Mimi nilinokisha Corolla 110 njiani, taa nyekundu ya oili iliwaka nikasema ngoja nifike Haneti kwanza ndo niangalie. Sikufika. Kama hiyo taa yako inawaka hata kwa kupepesa, zima palepale ulipo uite gari la kuvuta, usijali watu wanapiga honi nyuma.

MAMA VITZ
Poleni jamani. Mimi mkanda wangu ulikua unalia kama ndege kila asubuhi, nikaambiwa wotapampu, nikanunua wotapampu, ukaendelea kulia. Naomba niufuate huu uzi maana sitaki kurudia kosa.

FUNDI WA KIZOTA
Mkuu wa Ilazo, usitoe hela kesho. Klipu nimeisikiliza mara tatu na sikwambii kitu kwa hiyo klipu, simu hizi zinachuja kelele zenyewe, mlio wa konrodi na mlio wa bati la egzosi lililolegea kwenye simu unaweza usivitofautishe kabisa. Nenda kwenye gari ndo unijibu, usijibu kwa kukumbuka.

Injini ikiwa baridi na ikiwa imepata moto, mlio ni uleule au unabadilika? Ukiwa umesimama kwenye D umekanyaga breki, alafu ukatoa ukaweka N, unafanyaje? Ukipiga resi taratibu mpaka 2,000 ukashikilia hapo, unaongezeka au unapungua, na ukiachia resi ghafla je? Kijiti cha oili kinasoma wapi? Na la mwisho ambalo watu huwa hawalisemi, kuna kitu chochote kimefunguliwa kwenye hilo gari miezi ya karibuni, hata kama unaona hakihusiani?

Nakuuliza hivyo kwa sababu mlio wenyewe hausemi sana, kinachosema ni lini unatokea na lini unakata. Beringi ya konrodi ikiisha inaacha nafasi, pistoni ikisukumwa chini chuma kinakutana na chuma, kwaiyo ukiipa mzigo inagonga zaidi, ukifika 2,000 unaisikia vizuri, ukiachia resi inatoa kama mfululizo mfupi tatatata, na injini ikipata moto inazidi kwa sababu oili imekua nyepesi. Mlio wa asubuhi tu ambao unaisha injini ikipata moto huo mara nyingi ni pistoni yenye nafasi kidogo kwenye silinda, au gasketi ya egzosi pale inapoungana na hedi inavuja, chuma kikipanuka kwa joto inaziba yenyewe. Mlio mwepesi wa tik tik unaoenda nusu ya mwendo wa injini uko juu kwenye valvu, maana kemshafti inayofungua valvu inazunguka mara moja krenki, ile shafti kuu ya chini, ikizunguka mara mbili.

Alafu hiyo tapeti uliyoambiwa, 1NZ haina zile tapeti za kujaa oili, ina vikombe tu, nafasi yake inapimwa kwa vile vibati vyembamba vya kupimia, kwaiyo hakuna oili nzito itakayoiponya. Hiyo krrrr yako mpya ya asubuhi ni ya 20W-50. Kinachoikaza taimingi cheni ni tensheni inayosukumwa na presha ya oili, na VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, nayo inafanya kazi kwa oili hiyohiyo kupitia vitundu vyembamba. Oili nzito na baridi yetu hii ya Juni, mpaka ifike juu cheni imeshapiga kelele. Rudisha 5W-30, lita 3.7 ukibadili na filta.

Mama Vitz, yako ntarudi.

MKAZI WA ILAZO
Asante sana fundi. Nimetoka nje sasahivi na tochi nimefanya ulivyosema, jirani kakaa kwenye usukani mimi nasikiliza.

Baridi na moto ni uleule, hapo sioni tofauti. Kwenye D na breki unagonga vizuri kabisa, nikiweka N unapungua sana, kuna wakati unakata kabisa alafu unarudi. Nikipiga resi mpaka 2,000 UNAPOTEA. Nikiachia kuna kok moja au mbili kisha unatulia. Kijiti kinasoma juu kidogo ya katikati, taa ya oili haijawahi kuwaka.

Kufunguliwa kitu, mwezi wa 3 giaboksi ilishushwa, ilikua inavuja oili kwenye maungio nikaambiwa oili sili ya nyuma ya krenki, wakabadilisha, ikaacha kuvuja. Sikuitaja kwa sababu ni giaboksi na mimi mlio nausikia kwenye injini.

FUNDI WA KIZOTA
Hapo sasa umenipa kitu. Mlio unaopotea ukipiga resi sio tabia ya konrodi, konrodi ingekuaibisha mtaa mzima kwenye hiyo 2,000. Nina ninachokidhania ila sitaki ukifuate kwa sababu nimekisema mimi, fanya kwanza vipimo vitatu, vyote havihitaji mashine.

Cha kwanza tafuta bisibisi ndefu, ncha weka kwenye chuma, mpini weka sikioni. Injini inawaka kwaiyo vua koti, kama una skafu au ushungi mrefu ufunge nyuma, na mkono usiukaribie mkanda wala feni, feni inaweza kujiwasha yenyewe. Gusa juu kwenye kava la valvu, gusa upande wa cheni, gusa altaneta kwenye chuma chake kisichozunguka, gusa bloku chini, alafu gusa pale injini inapoungana na giaboksi. Mlio utakua na nguvu sehemu moja kuliko zote. Ukikosa bisibisi ndefu hata kipande cha mpira wa gesi kinatosha, ncha moja sikioni nyingine unaipitisha bila kugusa chochote.

Cha pili, toa mkanda. Washa injini bila mkanda, sikiliza, zima. Sekunde thelathini zinatosha. Kwenye 1NZ mkanda huohuo ndo unazungusha wotapampu, kwaiyo bila mkanda maji hayazunguki, usije ukasimama hapo unapiga stori na jirani. Mlio ukipotea tatizo liko kwenye altaneta, wotapampu au kompresa ya AC. Ukibaki, hivyo vyote vimetoka kwenye kesi na hujanunua kitu.

Cha tatu, chomoa soketi ya koili moja moja, silinda moja unaizima unasikiliza unarudisha, zima injini kila unapochomoa na kurudisha. Usikae muda mrefu kwenye kila moja, petroli isiyoungua inaenda kuharibu kichujio cha egzosi, na taa ya injini itawaka usishtuke, inafutwa. Kama ni konrodi, ukiizima silinda yenye ugonjwa mlio unapungua sana au unakata, kwa sababu hakuna mlipuko wa kuisukuma. Kama silinda zote nne hazileti tofauti basi konrodi muache apumzike.

PREMIO YA AREA C
Naomba nichomekee hapohapo fundi samahani mwenye uzi. Mimi nikiwa mjini gari kimya kabisa, ila nikienda Iringa, baada ya Mtera nikianza kupanda Nyang'oro nimekanyaga mafuta, nasikia kama mtu anakaanga karanga kwenye injini. Nikipunguza mguu inaacha. Nayo ni konrodi?

FUNDI WA KIZOTA
Hapana mkuu, hiyo ni petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio, na inakuja palepale kwenye mzigo mkubwa na joto kubwa, mlima na jua la Mtera vimekutana. Anza na rejeta, dasta na wadudu wanaziba zile matundu ya mbele, ioshe kwa maji ya taratibu kutokea nyuma. Angalia plagi kama ni za namba inayotakiwa, kuna watu wanafungiwa plagi za joto tofauti. Badilisha na kituo cha mafuta uone. Na ukiwa kwenye mlima wenyewe shusha gia, usiilazimishe kupanda na gia ya juu huku umekanyaga mpaka chini. Usiipuuze kwa sababu inaacha ukipunguza mguu, ikiendelea inakula pistoni kidogokidogo.

Mama Vitz, nimerudi. Asubuhi ukilia, chukua maji kidogo kwenye chupa mwagia mkanda upande wenye mistari, injini ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyaga mafuta), mkono mbali. Ukinyamaza sekunde chache kisha ukarudi, mkanda umechoka au pulii hazijakaa mstari mmoja. Ukimwagia maji ukazidi kulia, ndo umelegea. Maji yasipobadilisha kitu, basi ni beringi ya kitu kinachozungushwa na huo mkanda, toa mkanda zungusha kila pulii kwa mkono, yenye beringi mbovu utaisikia kwenye vidole, inakwaruza kama kuna mchanga.

MAMA VITZ
Mungu akubariki. Mimi nlikua napaka sabuni ya mche, nimefundishwa na dereva wa daladala, inanyamaza siku mbili.

FUNDI WA KIZOTA
Acha sabuni dada. Inateleza alafu inashika vumbi letu hili la Dodoma, mkanda unakua kama msasa unakula pulii zote. Wala grisi usiguse.

DEREVA WA KONDOA
Fundi na heshima zote, mimi naona unamchelewesha jamaa. Hivyo vipimo anafanya huku injini inaendelea kuisha, si bora ashushe sampo, lile beseni la oili chini ya injini, aangalie beringi zenyewe? Mimi ningeshusha yangu mapema ningeokoa krenki.

FUNDI WA KIZOTA
Hoja yako ina maana mkuu, na kwa gari lililowasha taa ya oili ningesema shusha sampo leo. Hili halijawasha. Kabla ya kushusha sampo kuna njia nyepesi zaidi na ataifanya palepale anapobadili oili, oili aimwagie kwenye beseni safi kupitia kitambaa cheupe, apitishe sumaku, alafu filta ya zamani aikate na msumeno wa chuma aikunjue ile karatasi kwenye jua. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Ukiona vinang'aa vya rangi ya shaba au vya fedha ambavyo sumaku haivivuti, beringi zinakwisha, hapo ntaungana na wewe.

MKAZI WA ILAZO
Wakuu nimepotea siku tatu, nilikua nafanya vyote na sikutaka kuandika nusunusu.

Bisibisi: kava la valvu kuna tiktiktik nyepesi tu, upande wa cheni kimya, altaneta kuna uvumi wa kawaida. Bloku inasikika kwa mbali. Pale kwenye maungio na giaboksi nilitoa sikio haraka, inagonga kama iko ndani ya kichwa changu. Mkanda nimetoa, mlio upo. Koili zote nne nimezima moja moja, injini inatetemeka lakini kok kok iko palepale haijali.

Oili nimemwaga, kitambaa cheupe hakina kitu, filta nimeikata nimekaa nayo nje juani karibu nusu saa nageuza kila mkunjo, hakuna cha shaba wala cha fedha. Nimeweka 5W-30 na ile krrrr ya asubuhi imekata siku hiyohiyo.

FUNDI WA KIZOTA
Vizuri sana, umefanya kazi ambayo gereji mbili hazikufanya. Sasa nakwambia ninachokidhania. Nyuma ya krenki kuna lile sahani la chuma chembamba lenye meno ya starta, mafundi wengi tunaliita flaiwili hata kwenye oto. Toki konveta ya giaboksi, ile inayopokea nguvu ya injini, imefungwa kwenye hilo sahani kwa bolti. Giaboksi ikishushwa hizo bolti lazima zifunguliwe, na ikirudishwa zinakazwa moja moja kupitia nafasi ndogo huku mtu anazungusha krenki, ni sehemu mbaya, mkono hauingii vizuri, ndo watu wanapokaza kwa kukadiria au wanaruka moja. Zikilegea, kwenye D umekanyaga breki konveta inavutwa, na injini ikiwa sailensi inazunguka kwa kusukumasukuma sio kwa ulaini, kila msukumo sahani linacheza linagonga. Ukipiga resi mzigo unaegemea upande mmoja linatulia. Ndo mlio wako huo neno kwa neno. Inawezekana pia sahani lenyewe limepasuka kuzunguka matundu ya krenki, mlio unafanana, ila hilo utaliona kwa tochi.

Usiende nayo Kondoa tena mpaka ifunguliwe. Bolti ikitoka kabisa humo ndani inatafuna kila kitu.

MKAZI WA ILAZO
MREJESHO.

Leo Jumamosi nimekua chini ya gari na fundi mwingine niliyeelekezwa, tangu saa tatu asubuhi. Tumeweka jeki na stendi mbili, betri tumetoa nyaya, tumefungua kifuniko kidogo pale kwenye maungio, yeye anaangalia na tochi mimi nazungusha krenki kwa spana kutoka kwenye bolti ya pulii mbele. Bolti ya kwanza imekaza. Ya pili imekaza. Ya tatu akaigusa kwa kidole ikazunguka. KWA KIDOLE wakuu. Iliyofuata nayo imelegea, na kuzunguka matundu yake sahani limeng'aa kama kijiko kwa kusuguana. Tumelipitia sahani zima, limesafishwa kwa petroli na kitambaa, hakuna ufa.

Zile mbili tumenunua mpya, zote tumezitoa moja moja tukaweka gundi ya bolti tukakaza kwa spana ya kupimia nguvu, ya kuazima. Tumewasha. D, breki. Kimya. Nikamwambia apige resi aachie, kimya. Nikaweka bisibisi tena palepale kwenye maungio, nasikia giaboksi inavuma tu.

Nimelipa elfu sitini ufundi, bolti na gundi hazikufika elfu ishirini. Fundi wa Kizota mimi sina la kukulipa, namba yangu nimekutumia inboksi, ukipita Ilazo kuna mbuzi.

DEREVA WA KONDOA
Nimefurahi kukosea. Hongera sana ndugu yangu, na fundi heshima yako.

PREMIO YA AREA C
Rejeta nimeiosha jana, matope yaliyotoka yangejaza ndoo. Plagi fundi kaniambia mbili kati ya nne ni za aina nyingine kabisa. Nimebadili zote. Nyang'oro napanda mwisho wa mwezi, ntaleta majibu.

FUNDI WA KIZOTA
Hongera mkuu. Mambo mawili kabla hujasahau. Hizo mpya hakikisha urefu ni uleule wa zile za zamani, zishike mkononi zilinganishe, bolti ndefu zaidi inaweza kugusa konveta yenyewe ikaibonyeza kwa ndani na hapo utaanza ugonjwa mwingine mkubwa. Na baada ya wiki mbili fungua kile kifuniko uzipitie tena na tochi, kama zimebaki palepale funga usahau. Zile za zamani zilizolegea usizitupe, mpelekee yule aliyekupigia hesabu ya injini, bila ugomvi, azishike tu, kesho ataletewa IST nyingine.

MKAZI WA ILAZO
Urefu ni uleule, tulilinganisha. Jumatatu nampelekea.